Nguzo Nyekundu za Nahodha Shekhan

Ukurasa haukufunguka. Inspekta Mueni alikikodolea macho kile kiduara katikati ya kioo cha kompyuta, kikizunguka na kuzunguka kama kuku aliyefungwa mguu mmoja, na saa ya ukutani nayo ikizidi kwenda. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumatano. Ikifika saa kumi alasiri, Nahodha Shekhan angetimiza saa ishirini na nne ndani ya seli ya kituo cha Amu, na hapo pasingekuwa na maneno mengi: ama apelekwe mbele kwa shitaka la wizi wa dizeli, ama afunguliwe mlango. Mkuu wa kituo, Bwana Kamau, alikuwa amekwisha kuamua lipi kati ya mawili. Fomu ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi tu. Na nahodha akishashitakiwa kuiba mafuta ya mashua, leseni yake ndiyo basi tena, hata kama mwaka ujao mahakama itamwona hana hatia.

"Ngoja, Bi Mueni," alisema Hafswa, karani wa kampuni ya mashua ya Mkondo, akijipepea kwa faili hapo ofisini kwao. "Huamka ipendapo yenyewe."

"Na isipopenda?"

"Basi twangoja."

Mueni alikuwa mtu wa Kitui, miezi minne tu kisiwani Amu, na kungoja kulikuwa hakujamwingia mwilini. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Kiduara kikaacha kuzunguka.

Hiyo ndiyo dashibodi. Wenye kampuni wako Nairobi, na badala ya kupanda ndege hadi Manda kila wakitaka kujua biashara inakwendaje, huufungua ukurasa huu wakaiona yote kwa mara moja. Kushoto palikuwa na duara lenye mshale, mfano wa kipimo cha mafuta ndani ya gari, la kuonyesha kama mashua zimeondoka kwa saa zilizopangwa. Katikati zilisimama nguzo, moja kwa kila siku ya safari, za kuonyesha lita za dizeli. Nguzo ikipita lita hamsini hugeuka nyekundu, na simu ya mkurugenzi, Bwana Kariuki, hulia huko aliko.

Mashua ya abiria ya Shekhan ilikuwa na nguzo nyekundu tele. Mashua ya mizigo, ambayo Bwana Wazir, msimamizi wa safari, aliiendesha mwenyewe, ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho, nguzo zake sawasawa kama meno ya chanuo. Wiki iliyopita madumu matatu ya dizeli yenye alama ya kampuni yalipatikana ufuoni Matondoni, muuzaji amekimbia. Bwana Kariuki akaangalia kioo chake, akaona nani mwekundu, akapiga simu polisi. Kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Mueni hakuipenda. Alitaka kuzichapisha zile nguzo azitazame vizuri. Mashine ya kuchapisha ikatoa karatasi nyeupe pe, wino hakuna. Duka la wino nalo limefungwa, mwenyewe yuko harusini Faza. Basi akachukua rula na kalamu, akageuza fomu za polisi upande wa nyuma, na kuzinakili nguzo moja moja kwa mkono, tarehe chini, lita juu. Kazi ya saa nzima. Lakini mkono huona yale ambayo jicho hupita juu yake, na alipomaliza ya mwisho aliona kitu.

Nguzo nyekundu hazikutawanyika. Zilikuja kwa mafungu. Tarehe sita ya mwezi uliopita, Jumapili, hadi kumi: siku tano, lita sabini na kitu kila siku. Kisha kijani tupu, lita arobaini. Kisha Jumatatu, tarehe ishirini na moja, hadi ishirini na tano: tano tena. Kisha kijani. Kisha jana, Jumanne, tarehe tano, nyekundu, na alasiri yake nahodha akakamatwa gatini.

Mwizi wa aina gani anaiba siku tano, anapumzika siku kumi, anaiba tano?

"Dizeli yenu inakuja lini?" aliuliza.

Hafswa akamwambia lori hufika Mokowe, upande wa bara, kila baada ya Jumatatu mbili, na Fadhil ndiye anayeivusha kuileta Amu. Mueni alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alimkuta Fadhil kwenye ghala lake, mtu mnene, mcheshi, amevaa kikoi na fulana. Alimhoji nusu saa: nani ana ufunguo, nani hupima, mapipa hukaa wapi usiku wa kwanza. Fadhil alijibu yote, akaleta na daftari lake la mapokezi. Lori lilifika Jumatatu tarehe saba, Jumatatu tarehe ishirini na moja, na Jumatatu juzi, tarehe nne. Mueni akaziweka tarehe hizo ubavuni mwa nguzo zake, na furaha yote ikamtoka. Fungu la kwanza lilianza siku moja kabla ya lori. La pili siku ileile. La tatu siku moja baadaye.

Fadhil alichungulia karatasi juu ya bega lake.

"Bi Inspekta, mwizi wako aiba Jumapili mafuta yatakayofika Jumatatu? Huyo si mwizi. Huyo ni mtabiri, mtafuteni awatabirie na uchaguzi."

Mueni akakunja karatasi zake. Alirudi kwa miguu kando ya gati, akipisha punda waliobeba mchanga, akilipigia hesabu lile fungu. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kila likirudi limesogea siku moja mbele. Halikufuata wiki, wala halikufuata mwezi wa kalenda, na hata hivyo lilirudi kwa ahadi kama mtu aliyekodiwa. Saa tano kasoro dakika kumi, na alichoambulia asubuhi nzima ni kitendawili.

Akampigia Austin, fundi aliyeijenga dashibodi, kijana wa Nairobi anayezungumza upesi kama anayefukuzwa. Alimwuliza kama saa za safari zinaweza kubadilishwa na karani. Austin akasema haiwezekani: nahodha akibonyeza kitufe cha kuondoka kwenye simu yake mwenyewe, saa inajiandika, hata yeye Austin hawezi kuifuta. Akamwuliza basi ni nani aliyeamua kwamba lita hamsini ndio mwisho, na kwamba ukurasa uonyeshe duara na nguzo na usionyeshe kingine.

"Madam, sisi hatuchagui. Mimi nilikuja huko na kadi ishirini, kila kadi imechorwa kipande kimoja. Nguzo, duara, ramani, jedwali, kila kitu. Tukazitandaza mezani, wao wakachagua wanachotaka, mimi nikajenga. Client akitaka kijani na nyekundu, anapewa kijani na nyekundu." Akacheka. "Lakini kuna moja niliichora special juu ya hiyo island yenu, karani wao ndiye aliniomba. Ilikuwa poa sana. Wakaitoa."

"Ipi?"

Simu ikakatika. Alipiga tena mara sita. Mteja hapatikani.

Mueni alisimama barabarani na simu mkononi mpaka mzee mmoja aliyekuwa barazani akamwuliza kama amefiwa.

Hafswa alikuwa anakunjua mkeka wa ofisi ajitayarishe kwa swala ya adhuhuri. Mueni hakumngojea amalize. Alimwuliza kuhusu kadi, na yule binti akaacha mkeka, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa bahasha ya kaki. Kadi zilizokataliwa alizitunza, alisema, kwa sababu zilichorwa vizuri na hakuona sababu ya kuzitupa. Akaitoa moja. Ilikuwa kalenda, kila siku ina mstari wa buluu unaopanda na kushuka mara mbili, na juu yake pameandikwa: Maji ya Mkanda.

"Hii uliiomba wewe?"

"Niliiomba. Nikaiweka mezani mbele ya wote. Bwana Wazir akainyanyua akaiweka chini ya kiti. Akasema wenye kampuni wataka kuona mashua, hawakuuliza habari za mwezi."

"Maji yanahusiana nini na dizeli?"

Hafswa alimtazama kwa adabu, lakini kwa namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kichwani mwa meza bila kujua.

Akamweleza. Mashua ikitoka Amu kwenda Mtangawanda, kule Pate, hupita Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa, ni njia fupi na tulivu. Yakipwa hadi chini, pale katikati hubaki mchanga na matope, na hapiti mtu. Zamani safari ilikuwa ikingoja maji: leo saa moja, kesho saa mbili, abiria wote wanajua. Ilipokuja dashibodi likaja na lile duara la kushika saa, na amri kutoka Nairobi kwamba mashua ya abiria iondoke saa moja kamili kila siku. Basi zile siku ambazo saa moja hukuta maji yametoka, nahodha hana budi kuizunguka Manda yote kwa nje, bahari kubwa. Ndio lita sabini.

"Na hizo siku hurudi kila baada ya nusu ya mwezi mwandamo," alisema Mueni pole pole.

"Hurudi. Siku kumi na tano, au kumi na nne."

"Hafswa. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia Bwana Kariuki kwa simu, akanijibu takwimu hazisemi uongo. Nawe, Bi Mueni, hukuniuliza ndia ya mashua. Uliniuliza nenosiri."

Mueni alikwenda kituoni karibu mbio. Kwenye jalada, konstebo Hesbon alikuwa ameandika maelezo ya mshukiwa kwa mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: "Mshukiwa alileta maneno ya bahari." Basi. Alikwenda seli akayaomba hayo maneno ya bahari.

Shekhan alikuwa ameketi sakafuni, kofia ya vito, ile iliyodariziwa, imenyooka kichwani kana kwamba yuko mkutanini.

"Mai yalikuwa yametoka," alisema. "Mkanda ni mtanga mtupu. Nilimwambia kijana wenu. Akaniuliza, kwa nini hukupita ndia ya kawaida? Nimwambie nini? Nipite na mashua mabegani, na abiria arubaini ndani?"

Ofisi ya bandari ilikuwa imefungwa kwa swala. Alingoja kwenye ngazi, jua kichwani, mpaka bwana mwenye funguo akarudi taratibu kama mtu asiye na deni na dunia, akatafuta miwani, akatafuta kijitabu cha maji cha mwaka, akakuta ni cha mwaka jana, akatafuta tena. Saa nane kasoro robo Mueni alikuwa nacho mkononi. Alipanga tarehe juu ya tarehe. Kila nguzo nyekundu, bila kukosa hata moja, iliangukia siku ambayo maji yametoka kati ya saa kumi na mbili na saa tatu na robo asubuhi.

Aliipeleka karatasi kwa Bwana Kamau. Kamau aliisoma yote, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka.

"Sawa, Inspekta. Hii nyekundu nimeelewa. Sasa niambie madumu. Yalijitembeza hadi Matondoni? Mkurugenzi amenipigia mara nne leo. Mafuta yameibwa, na mtu niliye naye ni mmoja. Ukiniletea mwingine kabla ya saa kumi, nitamtoa huyu. Usiponiletea, naweka sahihi."

Mueni alirudi kwenye meza yake na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka. Madumu matatu, lita ishirini kila moja. Sitini. Pipa la kampuni halikupungua hata lita moja zaidi ya ilivyoandikwa. Fadhil alilipima mbele yake asubuhi ile. Kwa hiyo zile sitini ziliandikwa. Ziliandikwa kuwa zimetumika safarini, mchana kweupe, na hakuna taa iliyowaka. Siku nzima alikuwa akizichungulia nguzo ndefu kwa sababu zilipakwa rangi ya kuchunguliwa. Alisukuma karatasi pembeni kwa hasira, akachukua nyingine, akaanza kuchora nguzo fupi.

Mashua ya mizigo husafiri Jumanne na Ijumaa, saa tatu kamili. Lita thelathini. Thelathini. Thelathini. Aliweka kijitabu cha maji pembeni na rula juu yake, akashuka tarehe kwa tarehe. Tarehe nane, pengine ilipita. Tarehe kumi na moja, Ijumaa, rula ikasimama. Maji yalifika chini kabisa saa tatu na dakika arobaini na tano, wakati hasa ambapo mashua iliyotoka Amu saa tatu ingekuwa inakaribia Mkanda. Tarehe ishirini na tano, Ijumaa, yalifika chini saa tatu na dakika tano. Na nguzo za siku hizo? Kijani. Thelathini na thelathini.

Mashua ya Shekhan, iliyo nyepesi, huzunguka Manda kwa lita sabini. Ile ya mizigo huenda taratibu, lakini ni nzito na hukaa chini zaidi majini. Ilipita wapi kwa thelathini? Labda haikupita popote: kitufe kilibonyezwa gatini, na thelathini mara mbili ndizo zile sitini za madumu.

Alimpigia bwana wa gati Mtangawanda amwulize kama aliiona. Mtandao ulikuwa umelala. Alipiga mpaka betri ikafika alama ya mwisho. Saa tisa na dakika kumi alimtuma Hesbon akamwite Bwana Wazir, kwa heshima, aje kusaidia kidogo.

Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi, akawaamkia wote kwa majina yao. Alikuwa na miaka hamsini hivi, sauti ya chini, mtu wa kukabidhiwa funguo. Alisikitika juu ya Shekhan. Wamekua mtaa mmoja, alisema, lakini tamaa haijui mtaa. Kamau alisimama mlangoni, mikono kifuani, jicho moja kwenye saa. Mueni alikuwa amekifunika kijitabu kwa jalada.

Alianza kwa kumsifu. Kampuni nzima, alisema, ni yeye peke yake asiye na doa kwenye dashibodi. Wazir akainamisha kichwa.

"Ijumaa ya tarehe kumi na moja ulikwenda Mtangawanda?"

"Nilikwenda. Saruji."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Labda siku hiyo ulichelewa kidogo. Hata saa mbili, saa tatu za kuchelewa, hutokea."

"Mimi sichelewi, Bi Inspekta. Tazama duara. Lile hujiandika lenyewe."

"Kweli, linajiandika lenyewe. Nimeuliza." Akalivuta jalada pembeni. "Ulipita wapi?"

Wazir alikiona kijitabu.

"Ndia ya mizigo."

"Ziko mbili, Bwana Wazir. Ukisema Mkanda, nitakufungulia ukurasa huu unionyeshe ulielea juu ya nini. Ukisema nje, nitakufungulia ule wa dizeli, unionyeshe injini inayokunywa thelathini pale mwenzako anapokunywa sabini. Na Ijumaa ya ishirini na tano ni vilevile. Thelathini na thelathini. Chagua moja tu, mimi niandike."

Nje punda alilia, akanyamaza. Wazir aliomba maji. Hesbon akamletea, akayanywa yote bila kupumzika, akaiweka bilauri chini kwa uangalifu mkubwa kama ni mali ya watu.

"Zile kadi," alisema, "sikuzichagua peke yangu."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za kadi, wala za ile ya maji aliyoiweka chini ya kiti. Mueni hakuinua kichwa. Aliandika maneno hayo kama yalivyo, akaandika na saa: tisa na dakika thelathini na nane. Kamau alikunjua mikono yake kifuani. Alimwambia Wazir asiinuke, akamwambia Hesbon afunge mlango wa nje, kisha akauchukua ufunguo wa seli msumarini mwenyewe, kazi ambayo si ya mkuu wa kituo, na kwenda nao.

Shekhan alipotoka alipewa simu yake, mkanda wake na tasbihi. Hakushukuru, na Mueni hakuona kwa nini ashukuru. Alikuwa tayari kumweleza kwamba kwa wenye kampuni bado ni mwekundu, kwamba Bwana Kariuki hajapokea simu, kwamba barua ya kumrudisha kazini huenda ikachukua wiki. Nahodha alimsikiliza akivaa mkanda.

"Leo nani alopeleka mashua yangu?"

Mueni akasema haikwenda. Abiria walirudi majumbani.

Shekhan akatikisa kichwa. Alisogea hadi kizingitini akaitazama bahari iliyokuwa ikianza kuondoka ukutani mwa gati, akaitazama kama mtu anavyotazama saa ya mkononi.

"Kesho saa moya hakuna mai. Taondoka saa nne u nusu, nipite Mkanda," alisema. "Duara lao na liwake litakavyo. Wakitaka leseni, na waifuate Pate."

Mueni alihitaji maelezo ya bwana wa gati Mtangawanda, kwa maandishi, na sahihi, kabla Wazir hajapata wakili wa kumfundisha njia ya tatu. Simu ilikuwa imekufa mkononi mwake.

"Niwekee nafasi moja, Nahodha," alisema.

Shekhan alimpima kwa macho, kutoka viatu vya polisi hadi kofia.

"Kaa nyuma, karibu na usukani," akamwambia. "Tukifika pale katikati, takuonyesha lile fungu la mtanga, ukaliandike na lenyewe."